Hakukuwa na Mume wa Usiku

Amani kwenu, wapendwa. Mtaniruhusu niseme nikiwa nimekaa, magoti yamechoka. Wengi mnanifahamu kama mzee wa chumba cha maombi hapa kanisani Mudzipela. Leo sikuja kumwombea mtu.

Nina binti. Tangu alipoanza kuona siku zake za mwezi, kila mara alijikunja mkekani akiuma kitenge ili asilie. Nilimwambia mama yake, "Acha kumuhurumia. Ataolewa, atazaa, itaisha." Akaolewa Irumu. Hakuzaa, na maumivu yakazidi. Mumewe akamrudisha kwangu juu ya pikipiki pamoja na mabegi yake, akasema, "Papa, mutoto wako iko na mume wa usiku. Ni ile pepo inamukula."

Ndugu zangu, nawaambia ukweli: nilimwamini mkwe upesi kuliko nilivyowahi kumwamini binti yangu. Hata nilifurahi. Pepo ni kazi niliyoijua. Nikamfungia katika chumba cha maombi bila chakula, bila maji. Alipopiga kelele tuliongeza nyimbo. Alipozimia nikatangaza kwamba pepo ametoka, nanyi mkapiga makofi. Ndiyo, ninyi mliokaa mbele. Mlikuwepo.

Mwezi uliofuata maumivu yakarudi. Dada yangu akanijia juu: "Weye muzee, hiyo pepo yako haichoke?" Alikuwa amesikia kwamba katika hospitali moja mjini madaktari wanafanya utafiti juu ya maumivu ya endometriozi, ugonjwa ambao nyama kama ile ya ndani ya kizazi huota nje yake. Walitaka kujua dawa gani inatuliza vizuri zaidi. Nilikataa. Nilisema wanatafuta damu ya kuuza. Dada akampeleka hata hivyo, nami nikawafuata ili nimlinde.

Muuguzi akamwuliza binti, "Zero ni hakuna kuumwa, dix, kumi, ni kuumwa ya kufa. Yako iko ngapi?"

Binti akanitazama. "Deux," akasema. Mbili tu.

"Papa, utoke kidogo," muuguzi akaniambia.

Nikatoka, nikasimama nyuma ya pazia kama mwizi. Swali likarudiwa.

"Dix. Lakini usimwambie papa. Atanirudisha kule kwa maombi."

Niliketi sakafuni, hapo watu wanapopita. Mtoto wangu aliogopa sala zangu kuliko ugonjwa wake.

Walimpima, wakaukuta ugonjwa huo, wakampokea katika utafiti, wakampa vidonge. Hajapona. Daktari alisema wazi kwamba dawa hiyo inatuliza, haing'oi, na kwamba wao wenyewe bado wanatafuta. Lakini sasa anasimama sokoni na samaki wake hata siku zile mbaya. Mtoto hana. Anaishi kwa shangazi yake. Nikimwuliza hali, ananijibu, "Niko muzuri, papa," na mimi sina haki ya kubisha.

Namshukuru dada yangu kwa kutonitii. Namshukuru muuguzi aliyenitoa nje. Angeniacha ndani, hadi leo ningejisifu kwamba nilimponya. Chumba cha maombi nimekiacha. Sikuacha kusali, ila nasali peke yangu, na mara nyingi naomba msamaha.

Wazazi, binti akisema anaumwa, mpelekeni kwa daktari, halafu tokeni nje aseme. Na kama kuna aliyemwacha binti yake amejikunja nyumbani asubuhi hii, asingoje sadaka. Asimame aende. Nitanyamaza mpaka apite.