Hiribae Gunga na Kaniki Aliyoivaa Kalla

Wachungaji, wazee, majirani wa Kulesa na Garsen, familia imemtuma Galgalo, mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya kaka yake, nanyi mumwie radhi sauti ikimkatika.

Hiribae Gunga alizaliwa hapa Kulesa tarehe 14 Machi 1959, kifungua mimba wa mzee Gunga na mama Hawayu, akasoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1967 hadi 1973, kisha sekondari Mombasa hadi 1977. Mwaka 1981 alijifunza kupiga picha kwa fundi mmoja wa Malindi, na mwaka 1986 akafungua studio yake Garsen, ambako wengi wenu mlipigiwa picha za vitambulisho huku mkiambiwa muinue kidevu na muache kununa.

Alifunga ndoa na Kalla Buya tarehe 19 Desemba 1987, wakajaliwa watoto watatu, na nyumba yao ilijulikana kwa utani usiokwisha.

Mwaka 1995 alinunua kamera ya video iliyokwisha tumika, na Machi 1998, mafuriko yalipopungua na kuacha alama ya tope ukutani, akaanza filamu aliyoiwaza kwa muda mrefu, ya mjane anayesikia hatua za mumewe aliyezama mtoni zikizunguka nyumba kila alasiri. Waigizaji wa kulipwa hakuwa nao, Kalla akakubali kuwa mjane huyo, akanyoa nywele na kujifunga kaniki, nguo nyeusi ya wafiwa, mumewe mzima amesimama nyuma ya kamera. Filamu ilikwenda polepole mno, nusu saa nzima mjane anachambua mchele na kugeuza shingo, na ilipoonyeshwa Garsen mwezi wa Novemba wengi walitoka wakinung'unika, lakini kati ya waliobaki hadi mwisho, mchana kweupe, hakuna aliyetaka kurudi nyumbani peke yake.

Januari 1999 miguu ya Hiribae ilivimba, madaktari wakasema ni figo, na hapo ndipo maneno yalipoanza, kwamba Kalla amemchuria mumewe, amemwitia kifo, kwamba mke havai kaniki ya mtu aliye hai. Wanawake waliacha kuongozana naye mtoni, na baadhi ya jamaa wakasema, mgonjwa angali hai, kwamba maziko yakiisha arudi kwao, watoto wabaki.

Galgalo anakiri mbele ya jeneza hili kwamba aliyetamka neno uchuro kwanza ni yeye, kwa hofu ya kumpoteza kaka, na anaona haya. Tarehe 2 Juni, wodini Malindi, Hiribae alimwonyesha kadi ya kliniki ya mwaka 1994, ugonjwa umeshaandikwa, miaka minne kabla ya filamu, akamwambia, "Nilijua nitakufa. Nilitaka nimwone Kalla atakavyoishi bila mimi, nikamficha sababu. Kosa ni langu."

Alifariki Jumatano tarehe 9 Juni 1999, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Kalla.

Jana familia ilikaa na kukubaliana kwamba nyumba na studio ni za Kalla, na watoto watabaki naye, na mwenye neno aanze na Galgalo. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi matangani, na mafundi picha wenzake waliotoka Malindi.

Pumzika kwa amani, kaka. Mkeo haendi popote.