Mama Pindo, Fundi Aliyekata Uzi kwa Meno

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa mpiga pasi na muuza vitambaa. Alisoma hadi darasa la saba, akasifika kwa hesabu na kwa mdomo usiotulia. Mwalimu wake alizoea kumtoa nje hata kabla ya kipindi kuanza.

Mwaka 1979 alijifunza cherehani kwa shangazi yake. Wateja wakamwita Mama Pindo, maana pindo lake halikufumuka. Mkasi ulining'inia shingoni kama pambo tu. Uzi aliukata kwa meno. Mwaka 1984 aliolewa na fundi bomba aliyeleta suruali ileile kupunguzwa hadi ikawa kaptura, ndipo akapata ujasiri wa kusema lililomleta.

Aprili 2019 marehemu aling'olewa gego la mwisho la chini. Taya likavimba, likatoa usaha. Daktari wa meno akamwambia ni kawaida, arudi nyumbani. Mfupa ukaoza, hata siku moja ukavunjika akitafuna mkate. Familia ikamshitaki daktari huyo.

Mahakama ilitaka daktari mwingine aseme kwamba chanzo ni kule kung'olewa jino. Aliyepatikana alisema, "Inawezekana," akaishia hapo. Kisha wakili wa daktari wa meno akamuuliza marehemu, kwa upole kabisa, "Mama, uzi huwa unakata na nini?"

"Na meno, mwanangu," akajibu kwa fahari. "Mkasi wa nini?"

Wakili akasema taya lililotumikishwa hivyo miaka yote lingeweza kuharibika lenyewe. Hakimu akaona maumivu yapo, ila chanzo hakikuthibitishwa. Kesi ikaanguka.

Tangu siku hiyo marehemu alikata uzi kwa mkasi. Binti yake mkubwa, anayewasomea wasifu huu, alimkuta ameshika shavu.

"Labda nilijimaliza mwenyewe."

"Sio wewe, mama."

"Una uhakika gani?"

Swali hilo lilimuuma binti sana.

Marehemu alifariki tarehe 2 Agosti 2023, maambukizi yalipoingia kwenye damu. Cheti cha kifo kinayataja maambukizi. Hakisemi yalianzia wapi.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, na dada yake. Binti yake hadi leo hana ushahidi wowote. Anasema tu, mbele ya jeneza hili na mbele yenu nyote: sio wewe, mama.

Mungu ampumzishe Mama Pindo, asijilaumu tena.