Bwana Zarandi Aondoka na Kicheko Chake

Wafanyakazi wote wa Idara ya Kamusi ya Kiajemi, Kerman, Iran, mnatangaziwa rasmi kwamba kiti kilicho karibu na samawari ya chai kitakuwa wazi kuanzia tarehe 31 ya mwezi wetu wa Shahrivar. Aliyekikalia kwa miaka thelathini, Bwana Golbad Zarandi, anastaafu siku hiyo. Maombi ya kiti yapelekwe kwake mwenyewe, naye atayakataa.

Alianza kama msahihishaji, akapanda hadi mhariri wa herufi kh. Ndiye aliyetueleza maana ya punda, jogoo na tikiti, ambayo kwa Kiajemi yote huanza na kh, na yote bila kutabasamu.

Zawadi aliyoitaka ni moja tu: neno khande, yaani kicheko, lipitishwe kabla hajaondoka. Kwa kanuni zetu, neno lililokwama huchapwa kwa jina la mrithi wa mhariri, na mrithi wake alikwisha kuanza kuliulizia.

Kwanza Bwana Zarandi aliandika kwamba kicheko ni sauti ya furaha. Bi Anis, mpiga chapa wetu, akataka kujua kokwa ya pista iliyopasuka ganda, ambayo sokoni tunasema inacheka, imefurahia nini. Bwana Zarandi akafuta, akarudi siku kadhaa baadaye na hili: kufunguka kwa kilichokuwa kimefumba, kwa sauti au bila sauti. Asili ya neno haikumsumbua. Watu wa kale walisema khandag; ile g ya mwisho ikadondoka njiani, kama ilivyodondoka kwenye maneno mengi ya Kiajemi.

Basi kikao cha mwisho kikafika, na kidole cha Bi Anis kikateleza. Badala ya khandag akapiga khandaq, handaki. Mkurugenzi, Dakta Mahyar, akasoma kwa sauti ya hotuba kwamba kicheko cha Waajemi kimetoka handakini. Akarudia. Kisha akaangua kicheko, na meza nzima ikamfuata. Bwana Zarandi, akiona neno lake linazama, alingoja wanyamaze. Hawakunyamaza.

“Mkuu,” akasema, “kwa kinywa kilivyo wazi hivyo, Bi Anis hakukosea sana.”

Halafu yeye mwenyewe akacheka. Hatukuwa tumewahi kuisikia sauti ile. Inafanana na mlango wa stoo. Dakta Mahyar alisahihisha q kwa kalamu, akatia sahihi huku akijifuta machozi.

Asante, Bwana Zarandi, kwa maneno yote. Nenda kapumzike kwenu Zarand, afya iwe tele na pista zako zote zipasuke zenyewe.

Neno linalofuata ni khonak: ubaridi, na pia mzaha usiochekesha. Amekabidhiwa mkurugenzi, maana mifano anayo.