Uvimbe Usiokunywa Damu

Bwana asifiwe, wapendwa! Nawasalimu kwa mdomo wangu mwenyewe, na kwa mtu kama mimi hilo si jambo dogo.

Mnaonijua kama Mama Achieng mnakumbuka nilikuwa nakaanga samaki pale Dunga, ufukoni mwa ziwa. Ndugu zangu, maisha yale nayaona mpaka leo! Asubuhi mashua zikifika, naingia majini hadi magotini kuchagua samaki wa ngege, huku naimba. Mume wangu, Baba Achieng, alikuwa akitengeneza mashua hapo kando. Akinisikia anaweka nyundo chini, anaitikia kwa sauti nzito. Hatukuwa na kitu kikubwa, lakini tulicheka! Sikujua kwamba raha yenyewe ndiyo ile.

Siku moja nikashika ngege mkononi, jina lake likanipotea. Mteja akacheka, nami nikacheka. Wiki hiyohiyo nikashindwa kumwita binti yangu. Halafu nikaanguka kifafa karibu na karai la mafuta. Wanawake wenzangu ndio walionivuta nisiungue. Watu wakaanza kusema nimerogwa.

Hospitalini nikapigwa picha ya MRI. Daktari akatuonyesha uvimbe upande wa kushoto wa ubongo, karibu na mahali maneno hukaa. Akasema unafanana na saratani. Itabidi fuvu lifunguliwe, na huenda nisiongee tena.

Tulirudi nyumbani. Nikaanza kugawa leso zangu. Lakini kila jioni, baada ya chakula, Baba Achieng alinisogelea.

"Imba, Mama. Nataka nikukumbuke vizuri."

Naimba, neno linapotea, yeye ananiwekea. Ndugu zangu, nawaambia ukweli: jioni zile nazitamani mpaka leo, ingawa nilidhani nakufa.

Ninyi mkafunga na kuomba. Na Mungu akajibu kupitia mtu! Daktari mmoja wa picha, mama mpole, aliomba nisipelekwe kwenye kisu kabla ya picha moja zaidi.

"Ile ya kwanza imetuonyesha umbo tu," akatueleza. "Saratani kali hujijengea mishipa mingi, inakunywa damu sana. Sasa nitakudunga dawa kwenye mshipa, na mashine itaifuata ikipita kichwani pamoja na damu. Tuone kama huu uvimbe wako unakunywa."

Nikalala ndani ya mashine, inagonga kama watu wanaopigilia mabati. Dawa ikaingia mkononi, baridi. Sikuweza kupanga sala. Nilikuwa na neno moja tu lililobaki: Yesu! Nikalisema mpaka wakanitoa.

Tulipoitwa, ubongo wangu ulikuwa kwenye kioo cha kompyuta, umepakwa rangi. Penye damu nyingi ni pekundu, akasema. Uvimbe wangu ulikuwa bluu tupu.

"Haunywi," akasema yule daktari. "Picha haisemi yote, lakini hii haifanani na saratani kali. Tutafute ugonjwa mwingine kwanza."

"Kwa hiyo hakatwi?" Baba Achieng akauliza.

"Kwa sasa hakatwi, Baba."

Mume wangu akaketi sakafuni, akalia.

Wakapima kifua na makohozi, wakakuta TB! Kikohozi nilichosingizia moshi wa jiko kumbe ni TB, na ilikuwa imefika ubongoni. Nikameza dawa zaidi ya mwaka mzima, hata siku ambazo tumbo lilikataa. Kila picha iliyofuata, uvimbe umesinyaa. Leo limebaki kovu dogo. Haleluya!

Sitawadanganya kwamba yote yamerudi. Moto na kifafa havipatani, kwa hiyo Dunga niliiacha. Sasa nauza nguo sokoni Kibuye. Kuna nyimbo siwezi kuzimaliza. Nikisikia harufu ya samaki wa kukaanga, moyo unaniuma kidogo. Lakini niko hai, namlea mtoto wangu, na namshukuru Mungu aonaye ndani ya mfupa, pamoja na daktari yule ambaye hakuharakisha.

Wewe uliyeambiwa neno zito, usijizike kabla ya wakati. Omba, na uende hospitali. Uliza tena. Mungu wetu haogopi kupimwa! Na kama leo huna nguvu ya kuomba peke yako, njoo hapa mbele. Nitakushika mkono, na tutaomba kwa maneno yaleyale machache tuliyo nayo.