Asiambiwe Mtu Mwenye Njaa

Sogeeni wanangu, kaeni karibu na kichwa changu, maana sauti inanipotea na sina nguvu ya kurudia neno. Na nyie wanafunzi, msione haya, wekeni kinasa sauti chenu hapo kwenye kiti. Mlikuja kutafuta habari za wanawake tuliobaki nyumbani wakati wa vita, mkazikuta zinaumwa kitandani, basi zichukueni kabla hazijaondoka. Wanangu, msiwanunie. Wosia ni wenu, wao wanasikiliza tu.

Cherehani ni yako, mwanangu wa kwanza, na usithubutu kuipeleka kwa yule fundi wa sokoni anayefungua kila kitu na kurudisha nusu. Nyumba ni yenu wote wawili, na mpangaji wa chumba cha mbele mwacheni akae mpaka achoke mwenyewe, ni mtu mwema ingawa anakoroma. Hayo ni mepesi. Zito ni la ukuta wa uani, na ndilo lililonifanya niwaite.

Mmekua mkiona ukuta ule una kiraka cha matofali, mkijua kwamba nyuma yake anakaa Kibwebwe, na kwamba mimi sitaki asalimiwe wala chake chochote kiingie humu. Hamkuuliza kwa nini, mlikuwa mnaujua mdomo wangu. Kiraka kile kilikuwa mlango. Baba yenu alikuwa mwashi, akautoboa mwenyewe ili mimi na shoga yangu tusizunguke mtaa mzima kila tukitaka kuombana chumvi.

Wanaume walipochukuliwa, sisi tuliingia kiwandani kushona mahema ya jeshi. Turubai linakula vidole, na vumbi lake unalikohoa mpaka usingizini, lakini tulicheka pia, msidhani tulishinda tukilia. Yeye alikaa kwenye cherehani ya pembeni yangu, na jina la Kibwebwe tulimpa sisi kwa kuwa hakuna kazi iliyowahi kumtisha. Habari za vifo alizileta tarishi wa jeshi, getini pale, na mwanzoni alikuwa anamwita mke wa marehemu mwenyewe na kumwambia papo hapo. Mwenzetu mmoja aliambiwa hivyo hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Chakula kikamshinda kabisa, maziwa yakakauka, na mtoto wake mchanga tukamzika kabla mama hajamaliza kumlilia baba. Tukasema sasa basi. Tarishi atuambie sisi, tupike, tumfuate mwenzetu kwake, ale mbele yetu ashibe, ndipo aambiwe. Asiambiwe mtu mwenye njaa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu, na hakuna mkubwa yeyote aliyetutungia.

Kumbe tulijiroga wenyewe. Ikafika mahali huwezi kumpelekea jirani chakula kilichopikwa. Mtu akiwa na shida unampa unga, unampa mafuta, akapike mwenyewe, lakini ukionekana unavuka njia na sahani iliyofunikwa, wanawake wazima wanajifungia vyumbani wakiomba upite.

Siku yangu ilipofika walipita kwenye mlango ule ule wa baba yenu, Kibwebwe mbele, sahani mkononi. Nikawaambia ahsanteni, nimeshakula. Nilikuwa sijala. Nikafagia palipofagiwa, nikafua nguo safi. Wewe mwanangu wa kwanza ulikuwa mdogo, ukanyoosha mkono kwenye sahani, nikaurudisha. Nilikuwa nimeshajipangia akilini kwamba nisipokula hawatasema, na wasiposema, baba yenu yuko hai, anatembea mahali fulani na miguu yake mikubwa ile. Jua likazama, likatoka tena, na mimi bado nina mume. Wenzangu wamekaa, kila mmoja anaogopa kuvunja sheria. Na wewe, kitinda mimba wangu, ulikuwa tumboni, na ulikuwa umeacha kucheza.

Ndipo Kibwebwe akanishika kidevu akasema, 'Shoga, mume wako amekufa. Sasa kula, usije ukamfuatisha na huyu.'

Sikulia, wanangu. Niliona tu kwamba mwanamke huyu ameniulia mume. Risasi ilimpata huko mbali, sikuisikia. Niliyemsikia ni Kibwebwe. Haukupita muda nikaziba mlango kwa matofali aliyoyaacha baba yenu, nikayapanga kwa mkono wangu, ndiyo maana yamekaa upande. Tangu hapo yeye anazunguka na ndoo mpaka bomba la barabarani, na letu liko nyuma ya ukuta wake, analisikia likitiririka. Siku hizi macho yake hayaoni vizuri. Namsikia anavyokwaruza ndoo ukutani akitafuta njia.

Wanafunzi hawa walimhoji yeye kwanza. Walipomuuliza habari ya sahani kwenye nyumba hii, akawajibu, 'Hiyo ni ya mwenzangu, muulizeni yeye.' Miaka yote hii hajamwambia mtu. Moyo uliniuma vibaya sana, maana kama angekuwa ananisengenya, ningeendelea kumchukia kwa raha zangu.

Basi sikieni. Mlango ufunguliwe leo, si mkishanizika. Kitinda mimba, uvunje wewe, maana aliponishika kidevu alikuwa anakutafuta wewe. Bomba ni lake kama lilivyo lenu. Akiugua mumuuguze, na siku yake ikifika mumsimamie kama mama yenu. Msigombane kwa ajili ya vyombo... vyombo havina maana. Mungu awatunze, awape wa kuwafungulia mlango, awarudishe nyumbani salama kila mtokapo. Nimewaridhia. Nyote wawili, nimewaridhia.

Nipeni maji kidogo... basi, yatosha.

Mwanangu wa kwanza, nenda sasa kwa Kibwebwe. Mwambie apike kitu laini, akilete yeye mwenyewe, kimefunikwa. Nitakula. Hata kama ni vijiko viwili, nitameza. Halafu aniambie upya habari ya baba yenu... polepole... nikiwa nimeshiba, kama tulivyokubaliana. Nyie wanafunzi, akianza kusema, mzime hicho chombo. Nataka kumlilia mume wangu.