Kapteni Laurenti Msengi na Ile Ndege Mbaya

Kila asubuhi, kabla uji haujapoa, Kapteni Laurenti Msengi alivua kandambili, akapanga nyayo zake sakafuni chini ya meza, akakanyaga: kushoto, kulia, kushoto. Mkewe alimtania, "Baba Jesca, unashona cherehani ya nani huko chini?" Naye alijibu, "Naiuliza miguu kama bado inaijua kazi." Alifanya hivyo tangu alipoachishwa urubani hadi alipolazwa.

Marehemu alizaliwa Misigiri, wilayani Iramba, tarehe 14 Aprili 1968, mtoto wa pili wa Mzee Msengi Alute na Mama Marietha. Utoto wake ulikuwa wa mbuzi na vitunguu, kama wa wengi waliokaa hapa leo.

Alisoma Shule ya Msingi Misigiri, kisha sekondari ya bweni Dodoma, alikopenda hesabu kuliko chakula. Mwaka 1993 alihitimu urubani Addis Ababa. Mzee Msengi hakuamini mpaka alipoonyeshwa picha ya mwanawe akiwa na kofia.

Alianza na ndege ndogo za watalii, kisha akaajiriwa na shirika moja la ndege za abiria. Mara ya kwanza mama yake alipopanda ndege aliyoirusha, marehemu alitangaza kwenye kipaza sauti, "Mabibi na mabwana, karibuni. Na wewe mama yangu, shikamoo." Mama akajibu kwa sauti kutoka kitini, "Marahaba, Laurenti! Tazama mbele!" Abiria walicheka mpaka Mwanza.

Tarehe 22 Juni 1996 alifunga ndoa na Rebeka Nathan, muuguzi, katika kigango chetu cha Misigiri. Mungu akawajalia watoto watatu.

Mwaka 2016 ndege moja ya shirika lile ilianza tabia. Ilipokaribia kugusa ardhi, ilijivuta kushoto bila kuamriwa. Ilimtokea rubani mwenzake, kisha yeye. Kila mara waliripoti, mafundi wakaifungua, hawakuona kasoro, ikarudishwa angani ikiwa na watu ndani. Machi 2017, marehemu akiwa anatua, ilijivuta tena. Alikanyaga pedali ya kulia, ya kuirudisha kulia, kwa nguvu zake zote, ndege haikumsikia. Ilitoka kwenye njia ya kutulia ikasimama kwenye majani. Hakufa mtu. Mhudumu mmoja alivunjika mguu, na marehemu alimtembelea mpaka alipotupa magongo.

Kwenye kikao cha uchunguzi aliulizwa ana lipi la kusema. Alikuwa amechoka, akajibu kwa kifupi: "Ile ni ndege mbaya."

Alimaanisha chombo. Mwenyekiti akajifanya amesikia ndege wa mkosi, yule wa porini, akacheka. "Kapteni, kumbe Singida bado mnaogopa ndege mbaya? Siku hiyo alilia upande gani?" Kikao kizima kikacheka naye. Kuanzia siku hiyo, katika ofisi alizozitumikia zaidi ya miaka ishirini, akaitwa Kapteni Ndege Mbaya.

Nyumbani nako hakupata nafuu. Shangazi yake, Bibi Janeth, alimwita.

"Laurenti, asubuhi ile ulipotoka, ndege gani alikukatiza njia?"

"Shangazi, hakuna aliyenikatiza. Ndege yenyewe ndiyo ilikuwa mbaya."

"Si ndicho ninachosema!"

Bibi akaagiza mbuzi achinjwe ili mkosi umtoke. Marehemu alikula nyama ile bila kubishana. Walau Bibi alitaka apone.

Ripoti ilipotoka ilisema chanzo hakikubainika. Maana yake hakuna aliyejua. Hata hivyo aliitwa akaambiwa kwamba akikiri mguu wake ulikosea, atapewa onyo na kurudi kazini. Alikataa. Akaachishwa kazi, yeye peke yake. Ndege ilipakwa rangi mpya ikauzwa nje ya nchi, na yeye akarudi Misigiri kulima vitunguu na jina lile likimfuata mpaka sokoni. Shirika limetuma shada la maua. Lile pale, lenye utepe wa bluu. Familia inashukuru. Lingependeza zaidi mwaka 2017.

Januari 2024 alianza kuumwa tumbo. Hospitali huko Dodoma waligundua saratani ya kongosho, wakati imeshasambaa. Alifariki nyumbani tarehe 9 Agosti 2024, alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa Rebeka.

Ameacha mjane, watoto Jesca, Simoni na Deo, wajukuu wawili, kaka yake Urbano, na Bibi Janeth aliyesaidia kumlea. Mwenyezi Mungu, wewe uliyekuwepo siku ile na kuona kila kitu, mpokee mtumishi wako atulie.

Wakati wa kuandaa maneno haya, Baba Mkubwa Urbano alishauri, "Andikeni alistaafu, yaishe." Alisema kwa mapenzi. Lakini marehemu hakustaafu, na angeweza kuinunua kazi yake kwa sentensi moja tu. Wiki moja kabla hajafariki, Jesca, ambaye miaka yote hiyo hakuwahi kuthubutu, alimuuliza: "Baba, siku ile ilikuwa ndege, au ilikuwa wewe?"

Akamjibu:

"Sijui, mwanangu. Ningejua ningesema, hata kama ni mimi."