Cherehani ya Mama Mkwe

Bwana asifiwe, wapendwa. Naona wengine wanaangalia saa, kwa sababu mnajua sisi mafundi hatumalizi kazi kwa wakati. Leo nitajitahidi. Jina la mtu sitataja.

Wengi mlinijua nikiwa fundi wa mitambo kule kiwandani, miwa inakosagwa. Nilikuwa nikisikia mlio tu, najua ni beringi gani inalalamika. Kiwanda kiliponyamaza, ndugu zangu, na mimi nilinyamaza. Mwanzoni nilijipa moyo kwamba watatuita. Hawakutuita. Nikawa mtu wa kukaa nyumbani, kisha hata kukaa nikashindwa, nikawa wa kulala. Asubuhi kitandani, saa ya obusuma, ugali wetu, kitandani. Wazee wa kanisa mlipokuja kunitembelea, nilimwambia mke wangu aseme nimesafiri. Mnacheka? Mlikunywa chai sebuleni nikiwa chumbani nimeziba mdomo nisikohoe!

Nilifika mahali nikaona watu wangu wangekuwa afadhali bila mimi. Nalisema hili kwa sababu huenda kuna mwanamume hapa ndani ambaye yuko mahali hapo leo, na amevaa tai vizuri kabisa.

Basi siku moja mke wangu akarudi kutoka kwao na bodaboda iliyobeba cherehani ya mkono, ya mama yake. Ilikuwa imekaa jikoni miaka mingi, moshi umeipaka, kutu imeifunga. Chini ya sindano kulikuwa na kitambaa cha kiti, kile cheupe cha maua, ambacho mama alikuwa akishona mashine ilipokwama. Alikiacha hapo hapo.

"Mama anaomba uitengeneze," mke wangu akasema. "Lakini kitambaa kisiraruke."

"Mwambie anunue ingine."

"Enda umwambie wewe."

Wageni wetu mliotoka mbali, niwaeleze. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawaongei ana kwa ana. Hamshikani mikono, jikoni kwake hukanyagi, na mkikutana njiani mmoja anaingia kwenye miwa mwingine apite. Sasa ningeenda kumkatalia vipi? Wanawake hawa wawili walikuwa wamenifunga.

Cherehani ikakaa mezani. Kesho yake nikapita, nikashika gurudumu. Halikuzunguka. Hapo nikakasirika, na nilikuwa sijakasirikia kitu muda mrefu. Nikatafuta mafuta ya taa, nikadondosha kwenye kila kiungo, nikangoja. Ukiwa na haraka, unavunja sindano na kuchana nguo. Kwa hivyo nadondosha, nasukuma kidogo, narudisha, naacha mpaka kesho. Mke wangu anapita akijifanya haoni. Siku gurudumu lilipokubali, sindano ikapanda na kitambaa kikatoka kizima, na doa la kutu katikati. Mke wangu akakipaka ndimu na chumvi, akakianika juani, akarudia na kurudia hadi doa likaisha.

Nikafunga cherehani kwenye baiskeli, na kitambaa ndani ya mfuko. Nawaambia, furaha inaleweshanga. Nilifika kwa mama, nikapita lango, nikapita mlango, nikaingia mpaka jikoni nikipaza sauti: "Mama, inashona!"

Jikoni kwa mama mkwe! Alikuwa akichambua mboga. Bakuli likaenda chini, akajifunika leso kichwani, akatokea mlango wa nyuma mpaka migombani. Mimi nimebaki na cherehani mikononi, kama mwizi aliyekosa mahali pa kutorokea.

Kisha nikamsikia kutoka kule kwenye migomba, analia na kucheka pamoja. "Mkwe," akasema, "umeniaibisha. Lakini mtu mgonjwa hawezi kuingia kwa watu na mbio hivyo. Umepona."

Nikaketi chini kati ya zile mboga, nikalia.

Wazee wa ukoo walinitoza ingokho, yaani kuku, kwa kosa lile, na nikaitoa nikiimba. Habari ikatembea. Mama mmoja akaja kutoka Chekalini na pasi ya makaa ya nyanya yake, mwingine akaleta karabai, mwingine kitambaa cha meza kilicholiwa na mende. Leo kibanda chetu pale Shieywe kimejaa. Chuma ni changu, nguo ni za mke wangu. Kuna wanaosema tunakusanya vitu vya wafu. Sawa, lakini wafu hao walikuwa nyanya zenu, na walivitunza.

Namshukuru mke wangu, ambaye alijifanya haoni. Nawashukuru wazee, ambao mlirudi hata baada ya safari yangu ile ya uongo. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Na jambo nililojifunza ni hili: ukiona mwenzako ameanguka, usimpelekee mahubiri peke yake. Mpelekee kazi ambayo wewe mwenyewe umeshindwa, umwombe akusaidie.

Mchungaji, sasa niruhusu nigeuke niangalie dirisha, maana mama ameketi hapo kwa akina mama na sitaki atoroke ibada. Mama, mkwe wako anasema asante. Kuna asubuhi bado ni ngumu, lakini naamka. Kitu chochote kikiharibika huko nyumbani, hata kama ni kijiko, usikitupe. Nitumie.